Propela Mbili Bila Usukani

Shafti ya propela ya kushoto ilikataa kutoka. Niliishika kwa koleo, nikaizungusha taratibu na kuvuta, ikasogea kidogo kisha ikasimama tena. Boti yenyewe, ndefu kama mkono wa mtu mzima, nilikuwa nimeilaza kifudifudi juu ya khanga ya dada yangu Damari, palepale ukingoni mwa ziwa, ikichuruzika maji.

"Itatoka, Isaka?" Damari aliuliza.

"Itatoka. Nisiharakishe tu. Nikiipinda, sina nyingine."

Hakutaka kukaa. Tangu asubuhi alikuwa amesimama, na macho yake hayakuwa kwenye boti. Alikuwa akitazama kule majini, nyuma ya ukuta wa nyumba yake ya zamani, ambako kipande cha chuma cheupe kisichozidi kiganja kilichomoza kati ya mabua yaliyokufa. Ndicho pekee kilichobaki juu ya maji kwenye msalaba wa mwanawe Eliza.

"Asubuhi kilikuwa kirefu zaidi," alisema.

Ilikuwa kweli. Mvua zilikuwa zimeshakatika, lakini Ziwa Singidani lilikuwa bado linapanda, kwa maji ya mito iliyokuwa ikiendelea kushuka. Lilianza na shamba lao, mwaka uliofuata likachukua choo na banda la mbuzi, na msimu huu likaingia ndani ya nyumba. Damari na mumewe Fredrick walihamia juu, karibu na barabara. Walihama na mabati, milango, kuku na kila kilichobebeka. Eliza alibaki nyuma ya nyumba, mahali alipolazwa miaka minne iliyopita baada ya homa ya siku chache.

Viongozi wa mtaa walikuwa wameahidi kwamba maji yakirudi chini, makaburi yatahamishiwa kwenye ardhi ya juu. Walisema wazi kwamba yatakayohamishwa ni yale yanayojulikana yalipo. Tuta la udongo lilikuwa limekwisha kuyeyuka. Msalaba ulikuwa wa bomba jembamba, nao ulikuwa umeanza kuinama. Ukianguka humo chini, siku maji yatakapoondoka patabaki tope tupu, na hakuna atakayemwambia Damari achimbe wapi.

Alichokitaka ni kitu kidogo: chupa ya plastiki iliyopakwa rangi nyekundu, ifungwe kwa kamba kwenye nanga ya nondo, idondoshwe pale pale. Maji yapande, yashuke, nanga ibaki kwa mtoto.

Mtumbwi usingeweza. Mzee mmoja wa jirani alikuwa ametumbukia kwenye shimo la choo lililofunikwa na maji, akatolewa akiwa hajitambui, na tangu hapo watu wote walikatazwa kuingia kwenye makazi yaliyozama, kwa mguu au kwa chombo. Hata bila katazo, ua wa minyaa wa kila nyumba ulikuwa bado umesimama humo majini, umekauka, na unanasa kila kinachopita. Ndipo Damari alipokuja kibandani kwangu mjini, ninakotengeneza redio na vipaza sauti, akaangalia juu ya kabati ambako boti zangu za rimoti hukaa na vumbi, akaniuliza kama moja inaweza kubeba nanga.

Boti hizo nilijifunza kuziunda mwenyewe, kwa kutazama kwenye simu na kwa kuharibu. Nilimwambia kubeba siyo shida. Shida ni kusimama.

Ile ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa na propela moja na usukani nyuma yake, kama boti nyingi. Ilikwenda vizuri mno. Lakini usukani hufanya kazi pale tu maji yanapousukuma kwa nguvu. Ukipunguza mwendo ili udondoshe mzigo, unageuza rimoti kushoto na boti haikusikii, na upepo wa Singida, ambao haujawahi kumsubiri mtu, unaichukua unakotaka. Ukijaribu kurudi nyuma ndiyo kabisa, usukani unakuwa kama mkia wa mbwa aliyelala.

Nikafikiria kuweka feni juu, isukume hewa badala ya maji, ili chini pasiwe na kitu cha kunaswa na minyaa. Nilipoijaribu asubuhi moja ilipita juu ya majani kama bata. Upepo ulipoamka, ilisukumwa hadi kwenye miamba ya upande wa pili, nikaizungukia kwa pikipiki. Nikatengeneza pampu inayonyonya maji chini ya boti na kuyarusha nyuma, ikaziba kwa takataka kabla haijafika popote. Mwishowe niliondoa usukani kabisa. Nikaweka mota mbili za drili, kila moja na propela yake, kila propela ndani ya pete ya waya ya kuzuia mabua. Ya kulia ikienda mbele na ya kushoto ikirudi nyuma, boti inageuka palipo, kama mtu anayegeuka mlangoni. Zote zikienda polepole dhidi ya upepo, inasimama. Hiyo ndiyo niliyomletea dada. Niliiacha kwake kwa sababu ni karibu na ziwa, nikasubiri betri kutoka Dodoma, na betri ilichelewa.

Leo tulikuwa tumeiingiza majini tukiwa watatu: mimi, Damari, na Nathan, bodaboda aliyenileta na ambaye alikataa kuondoka kabla hajaona. Ilipita pembeni mwa ukuta wa nyumba bila kugusa. Ikapenya kwenye uwazi wa minyaa. Nilikuwa naihesabia pumzi. Kisha ikaanza kuvuta kushoto. Nikarekebisha. Ikavuta zaidi, halafu ikaanza kuzunguka, duara moja, lingine, lingine, chupa nyekundu mgongoni.

"Fundi," Nathan alisema, "mbona inazunguka kama mlevi aliyesahau mlango wa kwake?"

Watoto waliokuwa juu ya mwamba wakacheka. Nathan mwenyewe alipouona uso wa dada yangu aliacha. "Samahani, Mama Eliza. Mdomo wangu hauna breki."

"Endesha pikipiki, Nathan," Damari alimwambia bila kumtazama. "Hiyo angalau ina breki."

Mota ya kushoto ilinyamaza kabisa. Niliivuta boti kwa kamba ya nailoni niliyokuwa nimeifunga kwenye mlingoti wake mdogo, taratibu, nikiomba isinase. Nathan akapigiwa simu na abiria, akaaga, akaahidi kurudi.

Sasa koleo lilikuwa limeshika. Nikavuta kwa kuzungusha, na shafti ikatoka yote, na juu yake utando wa rangi ya asali iliyokolea. Niliugusa. Ulinata, ukavutika nyuzinyuzi. Kwenye mrija wa ndani ulikuwa umejaa. Nikanusa.

Damari aliinama, naye akanusa. Hakuhitaji kuambiwa. Amekuwa akinusa mafuta hayo tangu azaliwe.

"Alizeti," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe unatia alizeti?"

"Mimi natia grisi."

Damari akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sitaliandika lilivyo. Maana yake ni kwamba boti ililala nyumbani kwake, na nyumbani kwake kuna watu wawili tu.

"Dada, tusiseme kitu ambacho hatujakiuliza."

"Alisema hataki kuiona. Alisema ni mchezo wa watoto juu ya mtoto wetu. Ulikuwepo, ulimsikia."

Nilimsikia. Fredrick si mtu wa maneno mengi, na hayo aliyasema mara moja tu, akiwa amesimama mlangoni siku nilipoileta. Tangu hapo hakuiuliza. Hata leo, tulipoteremka na boti, alikuwa amekaa uani na kichwa chake hakikuinuka. Lakini niliwahi kutengeneza redio nyingi zilizodaiwa kuharibiwa na mke, na mume, na mwanafunzi, kumbe ni mende. Nilifunga boti kwenye khanga, nikaibeba, tukapanda.

Tulimkuta kwenye turubai, akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Mbegu zilikuwa zinaruka na kutua. Aliendelea kupiga mpaka tukafika karibu kabisa.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Imegoma."

"Umejuaje?" Damari aliuliza.

Akaelekeza fimbo kwenye kona ya nyumba. Kutoka pale ziwa lote lilikuwa wazi, na ukuta wa nyumba ya zamani ulionekana kama meno. Chini, kwenye vumbi, palikuwa na alama za malapa zilizosimama sehemu moja muda mrefu.

"Umesimama hapa ukatazama, usishuke?"

"Nimetazama."

"Fredrick, umeigusa boti ya Isaka?"

"Nimeigusa."

Damari alikuwa ameshika kiuno kwa mikono yote miwili, kama anajizuia.

"Kwa nini?"

Aliweka fimbo chini. "Ilikuwa pale ukutani, juani, tangu ailete. Siku moja nikazungusha zile feni zake kwa kidole. Ya huku ilikuwa inakwaruza. Nikasema, hii itakwenda kutuaibisha mbele ya watu. Nikaitia mafuta."

"Mafuta gani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Sisi hapa tuna mafuta gani mengine, shemeji? Nilitia yale safi, ya kukamua kwanza. Nikazungusha tena, ikawa laini kabisa. Nikafurahi."

Ni kosa ambalo mtu wa hapa angelifanya bila kufikiri, na mimi mwenyewe nimekulia humo. Kwetu alizeti hutiwa kwenye bawaba, kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye kichwa cha mtoto na kwenye mguu uliopasuka. Kila mama anajua kwamba mafuta yale yale yakibaki kwenye kifuniko cha dumu hugeuka gundi, na kifuniko hakifunguki mpaka ukipashe moto. Lakini nani anawaza kifuniko cha dumu anapoona chuma kinakwaruza? Mrija wa shafti ulikaa juani chini ya ukuta wa bati siku zote nilizosubiri betri. Yalikuwa na muda wa kutosha kuiva.

Nilimweleza hivyo, kwa maneno machache. Alisikiliza, kisha akavitazama viganja vyake viwili kana kwamba bado vina mafuta.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni jua," nilisema.

Damari alikaa. Alikaa pale pale kwenye turubai, juu ya vichwa vya alizeti, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wewe ulisema hutaki hata kuiona," alimwambia mumewe.

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa niliitia mafuta."

Kuku walikuja kuokota mbegu pembeni mwa miguu yetu na hakuna aliyewafukuza. Niliomba mafuta ya taa, Fredrick akaniletea kwenye kopo, nikaitumbukiza shafti humo na kuanza kusugua mrija kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya. Gundi ilikuwa inatoka kidogo kidogo, rangi ya chai. Mota ndiyo iliyonitia wasiwasi. Ilikuwa bado ya moto, na ilinuka ile harufu ya vanishi ya waya iliyoungua, ambayo fundi yeyote akiisikia anajua habari siyo nzuri. Niliizungusha kwa mkono. Haikuniambia ndiyo wala hapana.

"Pale chini," Fredrick alianza, halafu akakatisha. Akaanza upya. "Pale chini nilipachagua mimi. Mnajua?"

"Ni wanaume ndio waliochagua," Damari alisema.

"Wanaume walianza kuchimba huku juu, karibu na mwamba. Wakakuta jiwe. Wakasogea, jiwe tena. Jua lilikuwa limeshapanda na mtoto alikuwa ndani. Mimi nikawaambia, teremkeni, kule chini udongo ni laini." Aliokota mbegu iliyoruka, akairudisha kwenye turubai. "Udongo ulikuwa laini kwa sababu ni wa ziwa. Nilikuwa najua ni wa ziwa."

Niliendelea kusugua mrija, maana ndiyo kazi pekee iliyokuwa mkononi mwangu.

"Kila mara unaposhuka kuangalia msalaba," Fredrick alimwambia mkewe, "mimi nakaa hapa nahesabu kwamba leo utaniuliza kwa nini pale."

"Sijawahi kufikiri kukuuliza."

"Basi."

Fredrick alipoinuka alikwenda tena kwenye kona ya nyumba, akatazama chini, mkono juu ya macho. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Chuma hakionekani."

Tulikimbia wote. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza kuinua mawimbi madogo, na kati ya mabua hapakuwa na cheupe chochote. Damari alisema ni mawimbi tu, yakitulia kitaonekana. Fredrick alisema labda. Mimi niliona kwamba maji yalikuwa yamegusa mstari wa tofali uliokuwa mkavu asubuhi. Ama chuma kilikuwa chini ya maji, ama kilikuwa kimelala.

"Tumechelewa," Damari alisema. "Isaka, boti yako itakwenda wapi sasa? Itadondosha chupa wapi, kwenye maji yote yale?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Boti inayoweza kusimama haina maana kama hujui isimame wapi.

Fredrick alikuwa bado anatazama. "Siku ile walinikataza kushika jembe," alisema. "Walinikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, pale kwenye kichwa cha kaburi. Sikuwa na kazi. Nilitazama mbele mpaka walipomaliza." Akanyoosha mkono. "Kaburi walilinyoosha na ukuta wa pembeni wa nyumba. Nilikuwa nauona ukuta kwa ubavu tu, kama makali ya kisu, siuoni uso wake wowote. Na nilipogeuza shingo kushoto, ule mkwaju wa kwa jirani yetu Mzee Urbano ulikuwa umekaa katikati ya pengo la miamba ya ng'ambo. Katikati kabisa. Niliutazama sana ule mkwaju."

Nilichukua muda kuelewa, kisha nikaelewa yote kwa pamoja. Ukuta ulikuwa bado umesimama. Mkwaju ulikuwa umekufa lakini shina lake lilikuwa juu ya maji. Mtu akisimama ufukweni mahali ambapo ukuta unaonekana kwa ubavu tu, kaburi liko kwenye mstari wa macho yake. Mtu wa pili akisimama mahali ambapo mkwaju unakaa katikati ya pengo la miamba, kaburi liko kwenye mstari wake pia. Mahali pamoja tu majini ndipo mistari hiyo inapokutana.

"Mnahitajika wawili," niliwaambia. "Mmoja kila mstari. Mimi nitakuwa na rimoti. Boti ikikata mstari wako, unapiga kelele. Mkipiga kelele pamoja, naachia nanga."

Damari alimtazama mumewe. Aliichukua khanga yake, ile iliyokuwa na madoa ya boti, akajifunga, akaanza kuteremka.

Tulianza na ukuta. Fredrick alitembea ukingoni na mti mkononi, akirudi nyuma na kwenda mbele, akifumba jicho. Damari alikuwa nyuma yake anamsimamia, akimwambia anapepesuka, na yeye akimjibu kwamba ni mawe.

"Mama Eliza, wewe unauona uso wa ukuta au huuoni?" aliita.

Dada alichelewa kujibu. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia Fredrick akimwita kwa jina hilo, hata mara moja.

"Nauona kidogo," alijibu. "Sogea kulia. Tena. Umepita. Rudi, Baba Eliza, umepita."

Akaupigilia mti wa kwanza pale kwa jiwe.

Mstari wa pili ulitushinda. Jua lilikuwa limeteremka usawa wa miamba ya ng'ambo, mwanga ukitupiga machoni, na pengo lilikuwa limejazwa na mng'aro mmoja usiokuwa na kingo. Fredrick alisimama sehemu tatu tofauti na kila sehemu aliapa ndiyo. Damari akamwambia mtu haapi mara tatu. Tukakubaliana kwamba asubuhi jua litakuwa mgongoni, na pengo litaonekana safi kabla upepo haujaamka.

Nilirudi kwenye kopo. Shafti ilikuwa imesafika nusu, mrija bado. Niliunganisha mota ya kushoto kwenye betri kwa waya mbili. Ilitetemeka, ikazunguka nusu, ikaacha. Niliigonga kidogo na mpini wa bisibisi, ikazunguka tena, kwa shida, kwa sauti ya kukwaruza. Nilimweleza Fredrick kwamba ikifa kabisa, nitalazimika kurudisha usukani wa zamani na propela moja. Boti haitaweza kusimama. Itapita tu kwa mwendo, na nitakuwa na nafasi ndogo sana kati ya kelele ya mmoja na kelele ya mwingine ya kuachia nanga.

"Ipi ni bora?" Fredrick aliuliza. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu, akiiangalia mota kwa makini, mikono ameificha makwapani ili asiiguse.

"Ya mbili ni bora. Ya moja inawezekana."

"Utajua lini?"

"Ikipoa yote. Asubuhi."

Damari alituita tukale. Niliisukuma shafti irudi chini ya mafuta ya taa, nikafunika kopo kwa sahani ili kuku wasilipindue, na mota nikaiweka juu ya tofali, mahali penye upepo.